MAZIWA NA MILIMA YA ADIRONDACK
Safari ya mtumbwi na ya miguu katika nchi iliyoachwa kuwa pori

Watu wengi wakisikia jina la New York hufikiri habari za majumba marefu, motokaa na watu wanaosukumana njiani. Hata mimi nilifikiri hivyo mpaka mpwa wangu, ambaye anasoma katika chuo kimoja cha huko, aliponialika nimtembelee mwezi wa Agosti. Aliniandikia hivi: "Mjomba, usilete viatu vya mjini. Lete viatu vya kupandia mlima, na ujifunze kuogelea ikiwa bado hujui." Nilicheka, maana mimi ni mtu wa Naro Moru, nimezaliwa chini ya Mlima Kenya, na maji makubwa niliyoyazoea ni yale ya mto wakati wa masika. Lakini nilikwenda, na mambo niliyoyaona nataka kuwaeleza leo, kwa kuwa yamo ndani yake mafunzo yanayotuhusu hata sisi.

NCHI YENYEWE

Adirondack ni nchi ya milima na misitu iliyo upande wa kaskazini wa Jimbo la New York, mwendo wa saa tano hivi kwa motokaa kutoka mji mkubwa wa New York, karibu na mpaka wa Kanada. Inasemekana jina hilo latokana na neno la Wamohawk lenye maana ya watu walao magome ya miti. Lilikuwa neno la kuwadharau jirani zao. Wamohawk na Waabenaki ndio waliowinda na kuvua katika misitu hiyo kabla Wazungu hawajafika.

Ukubwa wa hifadhi hiyo ni eka milioni 6, yaani ni kubwa kupita Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zikiunganishwa. Ndani yake mna maziwa na viziwa zaidi ya 3,000, na mito na vijito visivyohesabika. Lakini msidhani kwamba ni hifadhi kama zetu, yenye lango na askari wa kutoza ada. Wako watu wapatao 130,000 wanaokaa humo, wenye vijiji, shule, maduka na makanisa. Kiasi cha eka milioni 2.6 ni mali ya Serikali ya Jimbo, na nyingine ni mali ya watu na makampuni. Mashamba ya watu na misitu ya umma yamechanganyika kama viraka vya kanzu kuukuu. Mpaka wa nje umechorwa katika ramani kwa wino wa buluu, na kwa hiyo wenyeji husema fulani anakaa ndani ya Mstari wa Buluu, na fulani anakaa nje.

Jambo moja lilinifurahisha sana. Mlima mrefu kuliko yote katika jimbo hilo ni Mount Marcy, wenye futi 5,344. Mpwa wangu aliponitajia kimo hicho nilimwambia, "Mwanangu, nyumba yangu iko juu kuliko kilele hicho! Hata mji wa Nyeri uko juu kukipita." Alitabasamu tu, akasema, "Ngoja, mjomba." Basi nilingoja, na baadaye nilijua kwa nini alitabasamu.

MTUMBWI MABEGANI

Tulikuwa watu watatu: mimi, mpwa wangu, na kiongozi wetu, mzee wa miaka 70 hivi aliyezaliwa humo humo milimani. Baba yake na babu yake pia walikuwa viongozi wa wasafiri. Hakuwa msemaji sana. Kazi ya kwanza aliyotupa ni kutufundisha kushika kafi na kupiga magoti ndani ya mtumbwi. Kazi ya pili ilikuwa kutuvalisha makoti ya kuelea, na alituambia kwamba atakayelivua koti hilo majini atarudi nyumbani kwa miguu.

Tulianzia katika kiziwa kiitwacho Little Clear Pond, katika sehemu ya St. Regis. Sehemu hiyo, yenye eka zaidi ya 18,000, imetengwa kwa ajili ya mitumbwi tu. Mashine za kusukuma mashua hazikubaliwi, wala motokaa haiingii. Ukiwa katikati ya maji husikii sauti ila kafi lako mwenyewe na ndege.

Njia tuliyoifuata huitwa Seven Carries, maana yake Kubeba Mara Saba. Hapo ndipo ulipo ugumu wa safari za nchi hiyo. Maziwa yako karibu karibu, lakini hayakuungana yote. Ukifika mwisho wa ziwa moja yakupasa ushuke, utoe mizigo, uupindue mtumbwi na kuuweka mabegani, ukapite nao msituni mpaka ziwa la pili. Zamani viongozi wa Adirondack walitengeneza mashua maalumu kwa kazi hiyo, nyembamba na nyepesi, zenye mbavu zilizochongwa katika mizizi ya misonobari, ili mtu mmoja aweze kuibeba peke yake kwa nira ya mti. Mtumbwi wetu ulikuwa wa kisasa, wenye uzito wa ratili 40 na kitu, lakini nawaambieni, ratili 40 zilizofunika kichwa chako, nawe waona miguu yako tu, huku mbu wakijua kwamba huna mkono wa kuwafukuzia, si uzito mdogo.

Sehemu ya kwanza ya kubeba, kutoka Little Clear Pond mpaka St. Regis Pond, ni zaidi kidogo ya nusu maili. Nilipumzika mara tatu. Mzee alipumzika mara moja, nadhani kwa kunionea haya. Wenyeji walituambia kwamba tulikuwa na bahati kuja mwezi wa Agosti, maana mwezi wa Mei na wa Juni usubi hujaa msituni, na huuma mpaka damu ikatiririka nyuma ya masikio.

USIKU KANDO YA ZIWA

Tulilala kando ya St. Regis Pond. Kambi haipigwi popote mtu apendapo. Yako mahali pamewekwa alama ya duara ya rangi ya manjano, na pasipo na alama hiyo sheria yataka hema iwe mbali na maji na njia kwa futi 150. Pengine hupatikana vibanda vya magogo vyenye kuta tatu, upande wa mbele vikiwa wazi kuelekea moto. Hakuna malipo wala mwenye kibanda. Aliyetangulia humpisha ajaye nyuma, na kila mmoja huondoka na takataka zake.

Jioni ile mzee alifunga chakula chetu chote, hata sabuni na dawa ya meno, akakipeleka mbali na mahema. Sababu yake ni dubu. Dubu weusi wa nchi ile si wakali kama watu wadhanivyo, lakini pua zao ni hodari kuliko za mbwa, na dubu akizoea chakula cha watu hawezi kuachishwa. Mwisho wake huwa ni kupigwa risasi. Ndiyo maana tangu mwaka 2005 sheria imewataka wanaolala katika milima mirefu ya upande wa mashariki waweke vyakula vyao katika mapipa magumu yasiyoweza kufunguliwa na dubu. Mzee alisema, "Kifungo cha pipa hili hakiokoi chakula chako. Kinamwokoa dubu."

Usiku nilisikia sauti iliyonisimamisha nywele. Ilikuwa kama mtu anayelia msiba, kisha ikageuka kuwa kama kicheko cha mwenye wazimu. Nikamwamsha mpwa wangu. Akaniambia kwamba ni ndege wa majini aitwaye luni, mwenye madoadoa meupe mgongoni na macho mekundu. Luni wanahitaji ziwa tulivu lenye samaki ili waweze kulea watoto wao. Baada ya kujua hivyo sikuogopa tena, ila sikulala upesi. Nililala kifudifudi mlangoni mwa hema nikiwasikiliza wakiitana kutoka ng'ambo mpaka ng'ambo.

UPEPO WA ZIWA KUBWA

Siku ya pili tulipita Green Pond, Little Long Pond, Bear Pond na Bog Pond, tukibeba na kupiga kafi, tukipiga kafi na kubeba. Mahali pamoja tuliona boma la vijiti na matope lililojengwa na biva, mnyama mwenye mkia bapa anayekata miti kwa meno yake na kuziba vijito. Karibu na mwaka 1900 wanyama hao walikuwa wamekaribia kwisha kabisa katika Adirondack kwa ajili ya biashara ya ngozi. Wachache waliletwa kutoka mahali pengine wakaachiliwa, na leo wamejaa kila kijito.

Saa sita mchana tulifika ukingoni mwa Upper St. Regis, ziwa kubwa kuliko yote tuliyopita. Hapo upepo ulikuwa umechafuka. Mawimbi hayakuwa makubwa kama ya pwani, lakini yalikuwa na povu jeupe vichwani. Ng'ambo tuliiona wazi, na mpwa wangu alisema tungefika kwa nusu saa. Mzee alitazama maji, akaketi juu ya gogo, akatoa mkate wake akala. Saa saba ikapita, na saa nane, na saa tisa. Mpwa wangu alianza kunung'unika kwa Kiswahili, akisema kwamba tunapoteza siku nzima kwa woga wa mzee. Yule mzee hakujua Kiswahili, lakini manung'uniko hayana lugha. Akamwita, akamwambia maneno niliyoyashika moyoni: "Kijana, maji haya ni ya baridi. Mtu akianguka katikati, mikono yake hupoteza nguvu kabla hajachoka kuogelea. Nimewaona watu waliotaka kufika mapema. Sisi tutafika leo."

Saa kumi na moja upepo ulilala kama mtoto aliyeshiba. Tukavuka Upper St. Regis, tukapita Spitfire, tukaingia Lower St. Regis kabla jua halijazama. Mwisho wa ziwa hilo ndipo alipojenga hoteli yake mwaka 1859 mtu aitwaye Paul Smith, iliyopata sifa kubwa kwa wageni kutoka mijini. Hoteli hiyo ilikwisha kuungua zamani, na sasa mahali pake pana chuo ambacho wanafunzi hujifunza kazi za misitu na za hoteli.

KATIBA INAYOLINDA MITI

Usiku ule nilimwuliza mzee ni nani aliyewazuia watu wasiikate miti hiyo yote, maana mbao zake ni mali. Akanijibu kwamba hapo kwanza hawakuzuiwa. Katika karne ya 19 makampuni ya mbao yalikata na kukata, na magogo yalielea mitoni kwenda viwandani. Palipokwisha kukatwa palishika moto. Mpima ardhi mmoja, Verplanck Colvin, aliyeanza kuipima milima hiyo mwaka 1872, aliwaonya wakubwa wa Serikali kwamba misitu ikiisha maji yatapungua katika mto Hudson na katika mfereji wa Erie, ambao wakati huo ulikuwa njia kuu ya biashara. Naam, wengi walioamka hawakuamka kwa kupenda ndege wala maua. Waliamka kwa sababu ya maji na biashara, na hapana aibu kulisema hilo.

Basi mwaka 1885 ilitungwa sheria ya kuihifadhi misitu ya Serikali, na mwaka 1892 Hifadhi ya Adirondack ikaundwa. Lakini watu waliona kwamba sheria ya baraza moja yaweza kufutwa na baraza jingine. Kwa hiyo mwaka 1894 wakaliandika jambo hilo katika Katiba ya jimbo: kwamba ardhi hiyo ya msitu itakaa pori milele, haitauzwa, haitakodishwa, wala miti yake haitakatwa. Tangu hapo, anayetaka kubadili hata kidogo lazima apate kibali cha mabaraza mawili yaliyochaguliwa kwa kufuatana, kisha wananchi wote wapige kura. Mwaka 1927, ilipotakiwa kujengwa barabara ya motokaa ya kupanda mlima wa Whiteface, wananchi wa jimbo zima waliulizwa kwanza. Wakakubali, na barabara ikajengwa. Nilipenda habari hiyo. Haikuwa kwamba barabara ni dhambi. Ilikuwa kwamba mwenye mali, ambaye ni umma, aliulizwa.

MLIMA

Siku mbili baadaye tulianza kupanda Mount Marcy. Tuliandika majina yetu katika daftari iliyo mwanzo wa njia, kusudi tusiporudi ijulikane tulikwenda wapi. Kutoka hapo mpaka kileleni ni maili 7.4, na kurudi ni vivyo hivyo. Tulipita Marcy Dam, ambapo palikuwa na bwawa lililopendwa na wasafiri mpaka tufani iliyoitwa Irene ilipoliharibu mwezi wa Agosti mwaka 2011.

Hapo ndipo nilipojua sababu ya tabasamu la mpwa wangu. Njia zetu za Mlima Kenya hupanda kwa kuzunguka, taratibu. Njia za Adirondack hupanda moja kwa moja, juu ya mawe yenye utelezi na mizizi iliyosukana kama nyoka, na pengine njia yenyewe ni kijito. Tena baridi ya nchi ile ni kali hata ikawa miti hukoma karibu na futi 4,900, mahali ambapo kwetu watu hupanda kahawa. Msonobari usiofika kiunoni mwa mtu waweza kuwa na umri mkubwa kuliko wake.

Tulipotoka katika miti, tuliona mwamba mtupu na majani mafupi ya rangi nyingi. Hapo tulimkuta msichana mmoja, mlinzi wa kilele. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 vijana wamewekwa vileleni kuwasihi wasafiri wakanyage mwamba, wasikanyage majani, kwa kuwa majani hayo ni mabaki ya zama za barafu, na mguu mmoja huharibu kilichoota kwa miaka mingi. Hawana bunduki wala hawatozi faini. Kazi yao ni kusema na watu kwa adabu, na watu huwasikia. Lakini siku ile msichana huyo hakuwa akipanda. Alikuwa akishuka. Alituonyesha upande wa magharibi, ambako wingu jeusi lilikuwa linainuka, akasema kwamba amesikia radi.

Kilele kilikuwa mbele yetu, nusu maili tu. Mzee alikwisha geuka. Mpwa wangu akasimama, hataki. Akasema, "Mjomba, nimekuja hapa mara mbili na mara mbili nimerudishwa na mvua. Mwezi ujao naanza kazi mbali na hapa. Twende mimi nawe, dakika ishirini tu."

Yafaa niwaeleze kwamba baba yake kijana huyo, shemeji yangu, marehemu, alikuwa mpagazi wa Mlima Kenya kwa miaka mingi. Alifariki kwa maradhi kabla hajapata kumpandisha mwanawe mpaka Point Lenana, kama alivyomwahidi. Nilijua kwamba kila mlima anaoupanda kijana huyo, anaupanda kwa ajili ya ahadi ile. Kwa hiyo sikumkemea. Nilimwuliza tu, "Baba yako alikuwa akiwaambia nini wageni waliotaka kupanda katika hali mbaya ya hewa?" Akanyamaza kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Alikuwa akisema mlima haukimbii." Akageuka akashuka mbele yangu, asiniache nimwone uso.

Hatujafika mbali katika miti radi ilipiga juu yetu kwa kishindo kilichotikisa mwamba, na mvua ya mawe ikamwagika. Tulichutama bondeni tumetengana, kama mzee alivyotuagiza, mpaka ilipopita. Hakuna aliyesema, "Je, niliwaambia?" Mzee aligawa chai iliyobaki, nasi tukaendelea kushuka.

Basi, wasomaji, sikufika kileleni. Nimeandika hivyo wazi kwa sababu wasafiri wengi huandika habari za vilele tu.

RAIS ALIYEITWA MLIMANI

Upande wa kusini-magharibi wa Mount Marcy kuna kiziwa kidogo kiitwacho Lake Tear of the Clouds, yaani Chozi la Mawingu. Colvin ndiye aliyekitangaza, mwaka 1872, kuwa chemchemi ya juu kabisa ya mto Hudson. Tarehe 13 Septemba 1901 Theodore Roosevelt, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alikuwa amepumzika hapo baada ya kupanda mlima. Rais McKinley alikuwa amepigwa risasi wiki moja kabla, lakini madaktari walisema kwamba atapona. Mara mjumbe akatokea msituni mbio, mkononi ana simu ya maandishi: hali ya Rais imekuwa mbaya. Roosevelt akashuka, na usiku huo akasafiri gizani kwa gari la farasi katika njia mbovu za milima. Alipofika kituo cha gari la moshi cha North Creek, kulipopambazuka, akaambiwa kwamba Rais amekwisha kufa, naye ndiye Rais. Huyo ndiye yule yule Roosevelt aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 baada ya kuacha urais, akawinda katika nchi yetu. Wazee wetu waliosimuliwa habari za bunduki zake hawakujua kwamba urais ulimfikia akiwa mlimani.

SHAMBA LA NORTH ELBA

Kabla ya kuondoka nilipelekwa North Elba, karibu na mji wa Lake Placid. Hapo pana nyumba ndogo ya mbao na kaburi kando ya jiwe kubwa. Ni kaburi la John Brown, Mzungu aliyeuchukia utumwa mpaka akashika silaha kuupiga vita, akanyongwa tarehe 2 Desemba 1859. Alipofika huko mwaka 1849 aliwakuta Waafrika wa Marekani waliotangulia. Habari yao ni hii.

Katika Jimbo la New York wakati huo Mzungu mwanamume aliweza kupiga kura hata akiwa maskini, lakini mtu mweusi hakuruhusiwa asipokuwa na mali ya ardhi yenye thamani ya dola 250. Mwaka 1846 tajiri mmoja, Gerrit Smith, aliamua kutoa eka 120,000 za ardhi yake kwa watu weusi 3,000, eka 40 kila mtu, kusudi wawe wakulima na wapate kura. Makazi yao mojawapo yakaitwa Timbuctoo. Lakini ardhi ile ilikuwa ya mawe, majira ya joto mafupi, na theluji nyingi. Wengi waliopewa hawakuja kabisa, na wengi waliokuja hawakuweza kukaa. Mmoja aliyekaa ni Lyman Epps. Alilima, akawaongoza wasafiri milimani, na yeye na jamaa yake waliimba siku ya maziko ya John Brown.

Nilisimama pale kwa muda mrefu. Nilikuwa nimezunguka siku nyingi katika misitu ile nikidhani kwamba mimi na mpwa wangu ni wageni wa kwanza wa rangi yetu. Kumbe zaidi ya miaka 170 iliyopita walikuwapo watu weusi waliojua njia zake na kuwaongoza wengine, nao hawakuja kwa matembezi. Walikuja kutafuta shamba na kura. Mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, hawa hawakufika kileleni, lakini walipanda." Sikuongeza neno.

MAJI SAFI YALIYOKUFA

Neno moja la mwisho. Mnaweza kudhani kwamba ardhi iliyolindwa na Katiba haiwezi kudhurika. Hasha. Katika miaka ya 1970 wataalamu waliona kwamba maziwa mengi ya Adirondack hayana samaki tena. Hakuna aliyekata mti wala kutupa taka humo. Moshi wa makaa ya mawe kutoka mitambo ya umeme iliyo mbali upande wa magharibi ulipanda angani, ukachanganyika na mawingu, ukashuka kama mvua yenye tindikali. Ajabu ni kwamba ziwa lililokufa huonekana zuri kuliko lililo hai. Maji yake huwa maangavu kama kioo, kwa kuwa viishivyo ndani yake ni vichache. Mwaka 1990 Serikali ya Marekani ilitunga sheria kali ya kupunguza moshi huo, na polepole baadhi ya maziwa yameanza kupata samaki tena. Kwa hiyo sheria ya nyumba moja haitoshi ikiwa jirani anawasha moto upande unaotoka upepo.

Sisi nasi tuna misitu inayotunywesha: Mlima Kenya, Aberdare, Mau na mingineyo. Mito yetu yazaliwa huko kama vile Hudson unavyozaliwa katika Chozi la Mawingu. Vijana wetu wengi wanaijua kwa kuiona kwa mbali tu. Ningependa walimu na wazazi wawapeleke humo kwa miguu, pamoja na mtu ajuaye njia, wafundishwe kubeba mizigo yao, kurudi na takataka zao, na kugeuka inapopasa kugeuka. Mtu huchunga sana kitu ambacho mabega yake yamekijua.

Mpwa wangu yuko sasa mahali pengine kikazi. Katika barua yake ya mwisho ameniambia kwamba akirudi nyumbani tutakwenda Point Lenana, mimi na yeye, polepole, kwa njia ya Naro Moru aliyoipita baba yake. Nimeanza kutembea maili tatu kila asubuhi kwa ajili hiyo. Ikiwa hali ya hewa itakuwa nzuri tutafika. Ikiwa mbaya, tutashuka tunywe chai, tungoje siku nyingine.